Swali Ambalo Daktari Hakuuliza

Fundi alikuwa na tabia ya kushika pini kwa midomo. Pini sita au saba zilijipanga hapo kama meno ya ziada, na bado aliongea. Alikupima kiuno, akakuambia umenenepa, akamgombeza mtoto anayechezea uzi, na pini isidondoke hata moja. Bintiye alikulia chini ya meza ya cherehani, akisikia maneno ya mama yake yakipita katikati ya chuma. Ndiyo maana hata alipokuwa mtu mzima, akimwona mtu anaongea kwa mdomo mtupu, alimwona kama mtu asiye na kazi.

Huyo binti mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa ualimu hakuusomea. Alisoma mambo ya viumbe chuoni, akarudi na cheti, cheti kikatundikwa ukutani juu ya meza ya pasi, na mvuke wa pasi ukakikunja pembe zote nne. Kazi haikuja. Akabaki kuwafundisha watoto wa majirani hapo barazani, jioni, kabla mama zao hawajaivisha chakula. Fundi hakukubali kuona haya. Kila mteja aliyekuja kupimwa aliambiwa, "Yule mwanangu ana digrii." Siku moja mteja mmoja akauliza, "Ya nini?" Fundi akamchoma na pini kidogo, akasema, "Ya kwake," kisha akaomba radhi kwa pini.

Mambo yalianzia kliniki ya presha. Fundi alikuwa na presha ya siku nyingi, na kila Jumanne ya zamu yake Mwalimu alimsindikiza. Ukumbi ule ulikuwa mrefu na mwembamba, mabenchi pande mbili, magoti yakitazamana na magoti. Mbele kulikuwa na mlango mmoja wa rangi ya kijivu, na mbele ya mlango alikaa nesi mnene mwenye kalamu sikioni. Daktari wa ndani wagonjwa walimwita Daktari Dakika. Si kwamba alikuwa mbaya. Watu walikuwa wengi na yeye mmoja, basi kila mtu alipata dakika yake, na ukibahatika, dakika na kidogo.

Jumanne moja akapita kijana katikati ya magoti. Mkoba mweusi mkononi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na viatu vinavyong'aa kiasi kwamba wagonjwa waliviona kabla ya kumwona yeye. Akamnong'oneza nesi, nesi akacheka, mlango ukafunguka, akaingia.

Fundi akapaza sauti. "Nauliza! Anayeumwa ni yule kijana au ni viatu vyake?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kijana alipotoka, hakukasirika. Akainama mbele ya Fundi. "Shikamoo, mama. Hatuumwi, mimi na viatu vyangu. Tuko kazini."

"Marahaba. Kazi ya kupita mbele ya watu?"

"Hiyo hiyo, mama."

Kuanzia hapo akaitwa Viatu, na jina likamkaa. Mwalimu akamfuata mpaka nje kwenye ngazi, kwa sababu katika miaka yote ile hakuwa amewahi kumwona mtu wa rika lake akiitwa ndani bila kupanga foleni.

"Kaka, samahani. Hiyo kazi inaingiwaje?"

Viatu akamtazama kuanzia kichwani, akafika kwenye ndala, akarudi juu. "Umesoma nini?"

"Viumbe."

"Vizuri. Unaweza kusubiri?"

"Kusubiri nini?"

"Kusubiri tu, dada. Sisi watu wa mikoba, kuongea kwetu ni dakika moja. Siku iliyobaki yote ni kusubiri. Wanaoshindwa hii kazi hawashindwi na dawa. Wanashindwa na benchi."

Akamchukua bila ahadi na bila malipo, awe anamfuata. Mwalimu akaazima viatu vya shangazi yake, vikambana, akajikaza kisabuni. Alijifunza mengi ambayo chuoni hayapo. Kwamba mwenye hospitali si daktari mkuu, ni nesi wa mlangoni. Kwamba mkoba hauwekwi sakafuni. Kwamba usikae mahali pa mgonjwa hata kama pako wazi, simama, miguu ikuume watu wakuone. Kwamba unaanza na duka la dawa, umuulize muuzaji dawa gani inatoka na ipi imelala, na hapo utajua madaktari wa jirani wanaandika nini kabla hujawasalimu. Viatu alikuwa mkarimu wa maneno. Kila akitoka kwenye chumba alichofukuzwa, alifuta uso kwa leso na kusema, "Leo kaniona. Kesho atanisikia."

Kampuni ya dawa ya akina Viatu ilipotangaza nafasi, Viatu akapeleka jina lake. Siku ya usaili walifika watu wengi, wamevaa kama wanakwenda kuoa, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki ukumbini. Katibu akasema meneja yuko njiani. Asubuhi ikaisha. Mchana ukaja ukapita. Wengine wakaanza kunung'unika, wengine wakaenda kula wasirudi, mmoja akamtukana katibu wa watu akaondoka akiubamiza mlango. Mwalimu hakuinuka. Alikuwa amezoea kukaa chini ya meza ya mtu mwingine akingoja aitwe. Jioni mlango ukafunguliwa, kumbe meneja alikuwa ndani tangu asubuhi, akinywa chai yake na kuwachungulia. Akawahesabu waliobaki kwa kidole, akasema, "Usaili umekwisha. Nyie ndio mnaokuja kwenye mafunzo."

Wenzake wakarukaruka kwa furaha. Mwalimu naye akafurahi, lakini njiani kurudi alihisi kitu kama kutapeliwa, asijue kaibiwa nini.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa hoteli, wenye zulia na maji ya chupa. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mwembamba waliyempa jina la Tabasamu, kwa sababu alitabasamu hata alipokuwa anakutukana. Walifundishwa moyo, figo, mishipa, na jinsi presha inavyopanda na kushushwa. Kisha wakafundishwa ile dakika. Anza na mgonjwa, usianze na dawa. Taja faida tatu, usitaje nne, ya nne daktari haisikii. Maliza kwa kuomba: "Daktari, mgonjwa wako anayefuata, naomba aanze na hii." Na usiondoke kabla hujajibiwa.

"Na ubaya wa dawa?" akauliza mmoja wao.

Tabasamu akatabasamu. "Ubaya hautajwi mpaka uulizwe. Ukiulizwa, usidanganye hata neno moja, nitakufukuza mimi mwenyewe. Jibu kwa ufupi, kisha rudi kwenye faida."

"Na asipouliza?"

"Asipouliza ana haraka. Utamcheleweshea nini wagonjwa?"

Wakacheka wote. Mwalimu naye alicheka.

Nyumbani ndiko alikofanyia mazoezi, na daktari wake alikuwa Fundi. Kazi hiyo Fundi aliipenda kupita kushona. Alijitupia shuka jeupe mabegani likawa koti, futi ya kupimia nguo akaitundika shingoni ikawa kipimo cha moyo, akakaa kwenye stuli nyuma ya cherehani na kununa.

"Hodi, daktari."

"Hodi ya nini? Nina wagonjwa ukumbi mzima na nyumbani nina mke mkorofi. Sema upesi."

"Daktari, nimekuja kuhusu mgonjwa wako wa presha ambaye..."

"Mgonjwa wangu unamjulia wapi wewe? Unamfukuzia mume?"

"Mama! Daktari hasemi hivyo."

"Humjui daktari wewe. Anza tena."

Wakaanza tena mpaka maneno yakalainika. Majirani walisogea barazani kutazama, hasa Mama Pacha wa nyumba ya pili, aliyecheka mpaka akashika ukuta. Kila mara, Mwalimu alipomaliza faida ya tatu, Fundi alimkazia macho, akainua kidole chenye kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea, akauliza polepole, "Na ubaya wake?"

Mwalimu alivuta pumzi. "Swali zuri sana, daktari. Kwa wagonjwa wachache huleta kikohozi kikavu, kisicho na makohozi wala homa. Kikitokea, dawa ikibadilishwa, kikohozi huondoka chenyewe. Lakini tukirudi kwenye presha..."

Fundi alipiga makofi. "Hapo! Hapo ndipo umenikamata. Umeusema ubaya kwa adabu, kama unamtambulisha mgeni. Hebu rudia." Na Mwalimu akarudia. Ndilo jibu alilolipenda kuliko yote. Alilirudia hata peke yake, akikata kitambaa, kikavu kisicho na makohozi wala homa, kama anaimba.

Kampuni ikampa Mwalimu mkoba na miezi ya majaribio. Meneja akamwita pembeni. "Kliniki ile ya presha, ile ya ukumbi mrefu, hatujawahi kuipata kwa hiki kidonge chetu kipya cha presha. Viatu kauza dawa zote pale isipokuwa hii. Yule daktari akiiandika, tunakuthibitisha kazini. Asipoiandika, mkoba unarudi hapa mezani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mara ya kwanza Daktari Dakika alimpita kama nguzo. Mara ya pili alimwambia, "Acha karatasi kwa nesi." Mara ya tatu hakusema. Nesi mnene alimhurumia, akamruhusu kusimama karibu na mlango, lakini kusimama karibu si kuingia. Mwalimu alijifunza nyufa za ukuta ule. Alijua ipi inakwenda mpaka dirishani na ipi inaishia njiani. Miezi ya majaribio ilikuwa inaisha, na nyumbani hawezi kusema, maana Fundi ameshawatangazia wateja wote kwamba mwanawe anawafundisha madaktari.

Ikafika Jumanne ya zamu ya Fundi. Mama kwenye benchi, binti amesimama ukutani na mkoba, wanatazamana kama watu wasiojuana. Fundi akaitwa ndani. Mlango haukufungwa vizuri, na sauti ya Fundi haikuhitaji mlango.

"Presha yako imepanda tena, mama. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa. Lakini daktari, presha yangu siyo ya mwili. Ni ya yule binti aliyesimama hapo nje. Ni wangu wa kumzaa. Anasimama pale kama mwizi anayesubiri watu walale. Msikilize dakika moja presha yangu ishuke."

Ukumbi ukacheka. Daktari naye, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, akacheka. "Nesi, mwingize."

Mwalimu akaingia. Akasema dakika yake. Alianza na mgonjwa, akataja faida tatu, sauti haikutetemeka. Alipofika mwisho wa faida ya tatu alinyamaza kidogo, kama alivyozoea, akingoja kidole chenye kastabini kiinuke. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Daktari hakuuliza hilo. Aliuliza lingine. "Na mama yako mwenyewe, ungempa?"

Fundi alikuwa amekaa pale pale, mkono bado umefungwa kitambaa cha kupimia presha, anamtazama mwanawe kwa macho ya fahari.

"Ndiyo, daktari," Mwalimu akasema. "Ningempa."

"Basi tuanze naye. Akishuka vizuri nitawapa na wengine." Akaandika, na mkono wake tayari unamwita mgonjwa anayefuata.

Akashuka vizuri. Hilo lazima lisemwe, dawa ilifanya kazi yake. Mwezi uliofuata presha ya Fundi ilikuwa imeteremka kama haijawahi kupanda, na Daktari Dakika akaanza kuiandika kwa huyu na yule, mpaka benchi karibu zima likawa linameza vidonge vya Mwalimu. Meneja akapiga simu. "Dada, wewe ni moto. Vumilia majaribio yaishe, jambo lako limeiva."

Na Fundi akaanza kukohoa.

Kwanza ilikuwa kama kitu kinamtekenya kooni. Akinywa maji kinatulia, akicheka kinarudi. Siku moja alikuwa anampima bibi harusi mtarajiwa, pini zimejipanga mdomoni kama kawaida, kikohozi kikampanda ghafla na pini zikaruka zote, moja ikamchoma bibi harusi begani. Bibi harusi akapiga ukelele. Fundi akasimama pale, mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushona, hakuwa na neno. Kuanzia hapo pini aliziweka kwenye kisahani. Kila anapotaka pini lazima ainame, aipapase, ainuke. Kazi ya asubuhi ikawa ya kutwa, na maneno yakapungua, kwa kuwa kila akianza kusimulia kikohozi kinamkata katikati.

Mtaa ukasikia. Mtaa ukisikia kikohozi kisichokwisha haumuulizi mgonjwa, unaulizana wenyewe. Mama Pacha, aliyecheka mpaka akashika ukuta, akaja kuchukua vitambaa vya sare za watoto wake, havijakatwa bado.

"Si kwa ubaya, Fundi. Ni watoto tu. Unajua vifua vyao."

"Chukua, mama. Na uzi wako huu hapa. Nao umeshakohoa?"

Akaondoka nao kwa ncha za vidole. Wakafuata wengine. Aliyekuwa akija kunywa chai alianza kuja ameshakunywa. Watoto wa masomo ya jioni walizuiwa na mama zao. Kwenye kliniki ya presha hakuna aliyeuliza habari ya kikohozi, na Fundi alipojaribu kukitaja, nesi mnene alimwambia kifua ni chumba cha kule mwisho, huku ni presha. Chumba cha kule mwisho walimpima makohozi, ingawa ilikuwa kazi kuyapata. Hayakuwa na kitu. Wakampiga picha ya kifua, kifua ni safi. Akarudi na habari hizo njema mtaani, na mtaa haukuziamini.

Mwalimu alijua. Alijua tangu siku ya pini, pengine kabla. Kila kikohozi kilipotoka chumba cha mbele, kilimkuta amekaa kitandani na mkoba magotini. Alimtafuta Viatu, wakasimama kwenye zile ngazi.

"Kaka, mama yangu anakohoa."

Viatu hakuuliza kikohozi gani. Alitazama viatu vyake. "Umemwambia daktari?"

"Bado."

"Majaribio yanaisha lini?"

"Yamebaki kidogo."

"Basi dada, subiri. Akisikia leo ataisimamisha kwa wote, unamjua ana haraka hata ya kukataa. Kikohozi chenyewe hakiui mtu. Ukithibitishwa, unamnong'oneza abadilishe ya mama peke yake, mambo yanakwisha kimya kimya." Akajaribu kucheka. "Si nilikuambia kazi hii ni kusubiri?"

Mwalimu akasubiri. Alimnunulia mama yake dawa ya maji ya kifua, yenye ladha ya tangawizi, akamkorogea na asali, akamsugua mgongo. Mtu angewaona angesema, binti wa kuigwa. Fundi alikunywa kila alicholetewa, na kila alipokunywa alimtazama mwanawe juu ya kijiko.

Siku moja akakiweka kijiko chini. "Wewe msomi wangu. Hiki kikohozi unadhani ni nini?"

Mwalimu alikuwa anakunja nguo ambayo tayari imekunjwa. "Labda ni vumbi la vitambaa, mama."

"Labda." Kikohozi kikaja, kikapita. "Vumbi la miaka yote hii limenijua leo."

Siku nyingine akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeuliza saa. "Bado unadhani ni vumbi?"

"Au hali ya hewa."

"Haya."

Hakuuliza mara ya tatu.

Siku ya kuthibitishwa walifanyiwa sherehe ndogo kule kule kwenye hoteli yenye zulia. Meneja alimsimamisha mbele, akasema huyu ndiye aliyefungua mlango wa kijivu, watu wakapiga makofi. Tabasamu alimkumbatia, akamwambia masikioni, "Nilijua tangu siku ya viti vya plastiki." Akapewa mkoba mpya wa ngozi, una harufu ya duka. Viatu alimpungia mkono kutoka nyuma. Mwalimu akatabasamu kama alivyofundishwa na kutoka mapema. Njia nzima alikuwa anapanga maneno: ataanza na mgonjwa, hataanza na dawa.

Alimkuta Fundi kwenye cherehani. Kulikuwa na kazi moja tu mezani, pindo la pazia lao wenyewe. Mwalimu akaweka mkoba mpya juu ya kiti, kisha akauona umekaa vibaya pale, akauweka sakafuni.

"Mama, wamenithibitisha."

"Hongera, mwanangu."

"Mama. Nimekuwa nikifikiri. Ile dawa ya presha... nadhani ndiyo inayokukohoza. Kesho nitazungumza na daktari akubadilishie."

Fundi hakusimamisha cherehani. Alimaliza pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu pini zilipodondoka. Kikavu, hakina makohozi wala homa. Nani alikuwa daktari wako? Si mimi? Si hapa hapa, na shuka langu mabegani? Nilikuuliza mwenyewe kwa kinywa changu, ukanijibu vizuri mpaka nikakupigia makofi."

Mwalimu akavuta stuli ile ya daktari, akakaa. "Sasa mbona uliendelea kuimeza? Mbona hukusema? Watu wamekukimbia, mama. Kazi imekufa."

"Kazi yangu naijua ilivyokufa, niliishika mkono." Kikohozi kikamkamata, akakiacha kimalize. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilisema, atasema leo. Akija na asali nikasema, atasema na asali. Nikakuuliza mara mbili. Wewe ukaniletea vumbi."

"Nilikuwa naogopa mkoba usije ukarudi mezani kwao. Ningekuambia, mama. Wallahi ningekuambia wakishanithibitisha."

"Na umeniambia. Wamekuthibitisha na umeniambia, leo hii hii, hata viatu hujavua." Akalikunja pazia. "Mimi nilitaka kujua nimezaa nani. Sasa nimejua. Tusigombane."

"Mama..."

"Kesho kwa daktari nakwenda mwenyewe. Wewe usinisindikize."

Haikuwa zamu yake, lakini alikwenda. Alipita katikati ya magoti kama Viatu alivyopita siku ile, nesi mnene akainuka kumzuia, Fundi akamwambia, "Kaa, mwanangu, utachoka," na nesi akakaa. Akasimama mlangoni, akawageukia watu wa mabenchi, hakumgeukia daktari.

"Jamani, nani kati yenu anameza kile kidonge kipya na anakohoa kikohozi kikavu?"

Watu wakatazamana. Kisha mzee mmoja akakohoa, wala hakukusudia. Mama wa kando yake akainua mkono. Akainua mwingine, na mwingine, hawakuwa wengi, wachache, kama jibu lilivyosema. Mmoja wao alikuwa analia, maana naye kwao walishamtengea kikombe. Daktari Dakika alitoka mpaka mlangoni na kalamu yake, akawatazama, na siku hiyo aliwapa zaidi ya dakika. Aliwabadilishia hao, na wengine wote pamoja nao, maana Viatu alisema kweli, alikuwa na haraka hata ya kukataa. Hakuuliza habari ile Fundi kaitoa wapi, na Fundi hakusema. Jina la mwanawe hakulitaja ukumbini, wala siku hiyo wala nyingine.

Kampuni haikumfukuza Mwalimu. Mtu aliyethibitishwa hafukuzwi kwa kliniki moja. Walimhamishia eneo lingine na dawa nyingine, ya sukari, na huko anafanya vizuri. Ana viatu vyake mwenyewe. Wasichana wanamfuata kwenye ngazi kumuuliza kazi hiyo inaingiwaje, naye huwauliza kama wanaweza kusubiri.

Kikohozi cha Fundi kilikwisha chenyewe katika majuma machache. Pini zikarudi mdomoni. Wateja walirudi nusu. Mama Pacha alileta sare mwaka uliofuata, amebeba na sukari ya kuomba radhi, Fundi akapokea sare, sukari akairudisha. Na mwanawe hakumfukuza, hakumnunia, alimpikia na kumwitikia salamu kama kawaida. Cheti kipo ukutani bado. Ila mteja akiuliza yule binti anafanya kazi gani siku hizi, Fundi huonyesha midomo yenye pini, kama vile leo haviwezi kuchanganyika, pini na maneno.

Akija kulala nyumbani Mwalimu hufanya mazoezi ya dawa yake mpya chumbani, amesimama mbele ya kioo cha kabati. Anaanza na mgonjwa. Anataja faida ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu hunyamaza pale pale alipozoea kunyamaza, jibu likiwa tayari kwenye ulimi, masikio yote yako chumba cha mbele. Huko cherehani inakwenda. Haisimami.